Injinia wa magari, chama cha wakulima, uwaziri mkuu mara mbili: huyu Pawlak wa Poland alikuwa anatumia nini?

Nati Kumi na Tatu #1
Wakuu habari za jioni.
Nina hoja, mnipinge kwa data sio kwa kelele. Huku kwetu mtu akiwa na digrii ya uhandisi akiingia siasa anaweka "Eng." kwenye bango, basi, uhandisi umeishia hapo. Sasa kuna mzee wa Poland nimekuwa namfuatilia, Waldemar Pawlak. Kazaliwa 1959 kijijini, kasoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Warsaw, kitivo cha magari na mitambo ya ujenzi, kamaliza 1984, karudi kwao kulima. Mwaka 1992 ni waziri mkuu, ana miaka 32! Akatoka, akarudi tena 1993. Baadaye 2007 mpaka 2012 naibu waziri mkuu na waziri wa uchumi. Chama chake PSL ni chama cha wakulima, kinapata asilimia 8 hivi, lakini ukiangalia serikali za Poland kila baada ya muda unakikuta kimekaa mezani kinakula.
Hoja yangu: uinjinia ndo uliombeba. Wenzake wanapiga domo, yeye anapiga hesabu. Karibuni.

kidevu_cha_mzee #2
Ngoja wenye Poland yao waje. Navuta kiti.

Bi Takwimu #3
Nati uzi mzuri ila usituchanganye. Asilimia 8 hizo ni za 1991, halafu 2007 na 2011. Uwaziri mkuu wa kweli, ule wa Oktoba 1993 mpaka Machi 1995, PSL walikuwa na asilimia 15.4 na viti 132 kati ya 460. Hicho kilikuwa chama cha pili kwa ukubwa nchini. Na ule wa 1992 usiuhesabu kwa mbwembwe, alikaa siku 33, hakufanikiwa kuunda baraza la mawaziri, akaondoka, akaja mama mmoja anaitwa Hanna Suchocka. Kwahiyo "mara mbili" yako moja ni ya nusu.

Nati Kumi na Tatu #4
@Bi Takwimu hizo 132 zilikuwa mafuriko ya msimu mmoja tu, uchaguzi uliofuata wa 1997 wamerudi na 27. Maisha yao ya kila siku ni 7, 8, 9. Na hata hiyo 15, nchi gani unapewa uwaziri mkuu ukiwa na 15 wakati mwenzako kwenye mseto ana 20? Hapo ndo naona hesabu.

mbongo_wa_wisla #5
Niko huku Poland mwaka wa kumi na kitu sasa, mke wangu kwao ni wilaya za wakulima huko Mazowsze, kwahiyo hizi habari za Pawlak nazilaga na supu kila Jumapili kwa wakwe. Ngoja niwape picha.

1992 mwezi wa sita serikali ya Jan Olszewski iliangushwa usiku, bunge limewaka moto kwasababu waziri wa mambo ya ndani kaleta orodha ya watu waliodaiwa kuwa makachero wa zamani wa wakomunisti, na kwenye orodha wamo wakubwa. Rais Wałęsa akahitaji mtu haraka, mtu ambaye hana maadui wengi na hana kundi kubwa la kumtisha. Akamchukua kijana wa PSL. Sio kwamba walikaa wakapitia vyeti vyake vya uhandisi wakuu, alikuwa ndo anayeweza kuwekwa pale bila makelele.

1993 sasa. Waliokuwa wakomunisti, SLD, wanashika namba moja. Miaka minne tu tangu utawala wa chama kimoja uanguke, kiongozi wao Kwaśniewski anajua wakichukua uwaziri mkuu wenyewe Ulaya yote itashtuka na yeye mwenyewe anautaka urais 1995. Wakamsukumia Pawlak kiti. Kwahiyo mara zote mbili alikuwa kwenye nafasi ya katikati, pande mbili zikiogopana yeye ndo anaonekana nafuu. Hiyo ni nyota kuliko hesabu.

Dogo Spana #6
Subiri kwanza, Wałęsa si ndo yule fundi umeme wa kiwanda cha meli Gdańsk? Kwahiyo fundi umeme ndo alimteua injinia?? Site gani hiyo 😂😂

Mzee Kisiki #7
Dogo Spana site zote ziko hivyo, ni vile wewe hujakomaa. Injinia ana mchoro, fundi ana miaka thelathini kazini, na mwisho wanagombana. Hata hawa waligombana. Mwanzoni 1995 Wałęsa alikuwa anatishia kulivunja bunge, mvutano wa bajeti, mvutano wa mawaziri (rais alikuwa anajiona ana haki ya kuchagua wa ulinzi, wa mambo ya nje na wa mambo ya ndani), mwishowe SLD na PSL wenyewe wakaamua kumtoa Pawlak wakamweka Oleksy wa SLD ili mambo yatulie. Na mwaka huo huo fundi nae akaukosa urais, Kwaśniewski akampiga. Injinia nae aligombea urais huo huo, akaambulia asilimia 4 na kidogo.

Bi Takwimu #8
4.31. Na 2010 akajaribu tena akapata 1.75. Nati atuambie hesabu za injinia hapo zilikuwaje.

kidevu_cha_mzee #9
Bi Takwimu leo umeamka na mtu.

Gereji ya Uswazi #10
Mnazunguka wee hamtaji jambo la maana. Huyu jamaa alipoingia ofisini aliacha Lancia ya serikali akapanda Polonez! Polonez wakuu, gari lililokuwa linaundwa na FSO pale Żerań, Warsaw. Mimi nimewahi kulishika hilo gari kwa mikono yangu, kuna mwarabu alikuwa nalo miaka hiyo, limekaa nje ya gereji mpaka kuku wakataga ndani. Waziri mkuu mwenye digrii ya magari anajua kabisa Lancia ni gari na Polonez ni... haya tuseme ni la nyumbani. Na bado akapanda. Mi nasema hiyo ndo siri, mkulima kule kijijini anamuona waziri mkuu kwenye gari linalofanana na la jirani yake.

Mzee Kisiki #11
Maigizo. Wanasiasa wote wana Polonez yao. Mwingine anakula mihogo mbele ya kamera, mwingine anapanda daladala vituo viwili halafu gari linamfuata nyuma.

Gereji ya Uswazi #12
Mzee lakini alilipanda kazini sio siku ya uchaguzi. Na FSO kipindi hicho walikuwa wanahangaika kweli, baadaye wakaja kununuliwa na Daewoo. Kiongozi kupanda gari la kiwanda chake kinapokufa ni ujumbe.

Dogo Spana #13
ujumbe ulifika? kiwanda kilipona?

Gereji ya Uswazi #14
Polonez iliacha kutengenezwa 2002. Sasa dogo usiniharibie hoja.

Bi Takwimu #15
Turudi kwenye mada maana naona tumeingia gereji. @mbongo_wa_wisla umesema nyota, mi nasema sheria ya uchaguzi. 1993 ndo mara ya kwanza waliweka kizingiti, chama asilimia 5, muungano wa vyama asilimia 8. Vyama vya mrengo wa kulia vilikuwa vingi kama uyoga na havikutaka kuungana, vikaanguka kimoja kimoja chini ya 5. Zaidi ya theluthi moja ya kura zote zikapotea, zimepigwa na hazijampa mtu kiti. SLD na PSL kwa pamoja hawakufika hata asilimia 36 ya kura lakini walikula viti 303 kati ya 460. Pawlak hakushinda kwa uinjinia wala kwa Polonez, wenzake ndo walijizamisha.
Na kizingiti hicho hicho ndo kinawatesa PSL mpaka leo. 2015 walipata 5.13. Walivuka kwa kucha.

Nati Kumi na Tatu #16
@Bi Takwimu sasa hapo umenisaidia mimi. Kwanini PSL hawakuanguka wakati vyama vingine vyote vya saizi yao vimezikwa? Hebu taja chama kingine kilichokuwa bungeni 1991 kwa jina hilo hilo na bado kipo serikalini leo. Kuna kitu kinawashika.

mbongo_wa_wisla #17
Kinachowashika nitakwambia, faya.

Dogo Spana #18
faya ipi tena mkuu

mbongo_wa_wisla #19
Zimamoto. Sikilizeni. Huku vijijini zimamoto ni ya kujitolea, inaitwa OSP, vikosi zaidi ya elfu 16 nchi nzima. Kijiji kinaweza kisiwe na zahanati lakini nyumba ya faya ipo, ina gari, ina bendi ya matarumbeta, ina ukumbi ambao harusi inafanyikia humo, msiba humo, mkutano wa kijiji humo, mimi mwenyewe harusi yangu imefanyikia kwenye ukumbi wa faya. Sasa rais wa umoja wa vikosi hivyo kitaifa tangu 1992 ni nani? Pawlak. Mawaziri wakuu wamepita kama mabasi, yeye kwenye faya yupo tu. Baba mkwe wangu hajawahi kusoma ilani ya PSL hata ukurasa mmoja, ila anamjua Pawlak kwa sare ya faya. Chama kina ofisi ndogo na pesa ndogo lakini kina watu wanaoamka saa nane usiku king'ora kikilia. Huwezi kuanguka chini ya 5 na mtandao huo.

Kwahiyo Nati, kama kuna uinjinia basi ni wa kujua nguzo iko wapi.

Shangazi Rehema #20
Jamani na sisi wanawake wa humu tuseme. Hivi mnaona ni sawa kikosi cha uokoaji kuwa mtaji wa chama? Siku chama kikinuna moto hauzimwi?

mbongo_wa_wisla #21
Shangazi swali zuri na huku wanaliuliza sana tu. Kisheria OSP haina chama, na wapo wanachama wa PiS, chama kikubwa cha mrengo wa kulia, na vyama vingine humo. Moto ukiwaka wanazima wa wote. Ila gari jipya la faya linapokabidhiwa, angalia nani amesimama mbele kwenye picha, hapo utaelewa.

Mpima Ardhi Mstaafu #22
Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mimi ni injinia wa ujenzi, niliwahi kuingia kura za maoni za udiwani kata ya kwetu, sitaitaja wala chama sikitaji. Nilikwenda na michoro ya mifereji, nikawaonyesha wajumbe maji yanatoka wapi yanakwenda wapi, gharama kwa mita, kila kitu. Mwenzangu alikuja na jezi na mpira na sufuria la pilau. Wakanipigia makofi mimi wakampigia kura yeye. Na mzee mmoja aliniambia baadae, mwanangu ulisema ukweli ila ulituchosha. Kwahiyo mkiniambia uinjinia unambeba mtu kwenye siasa nabaki nawaangalia tu.

kidevu_cha_mzee #23
Wajumbe sio watu.

Dogo Spana #24
Pole mzee, hiyo "ulituchosha" imeniuma na mimi 😂

Bi Takwimu #25
Pole sana @Mpima Ardhi. Ila Pawlak nae wajumbe walimfanyia. Novemba 2012, mkutano mkuu wa PSL, yeye ni mwenyekiti, ni naibu waziri mkuu, kila mtu anajua anapita. Janusz Piechociński akapata kura 547, Pawlak 530. Kura 17! Akajiuzulu na uwaziri siku chache baadae.

kidevu_cha_mzee #26
Narudia. Wajumbe sio watu, hata Ulaya.

Mkulima wa Mbozi #27
Mmemsahau kwenye jambo linalotuhusu sisi. Yale matrekta ya Ursus yaliyokuja Kibaha ni dili la huyu huyu Pawlak, injinia wa mitambo na mkulima, alijua Afrika tunahitaji trekta.

Bi Takwimu #28
Mkulima hapana. Mkataba wa matrekta 2,400 kati ya Ursus na Shirika la Maendeleo la Taifa ni wa 2015, kwa mkopo wa serikali ya Poland, yakaunganishwe pale TAMCO Kibaha. Pawlak alishatoka serikalini 2012, nimetoka kuandika hapo juu. PSL walikuwa bado kwenye mseto, waziri wa uchumi mwaka huo ni huyo huyo Piechociński aliyempiga kwa kura 17.

Mkulima wa Mbozi #29
Sawa lakini chama si ni kile kile cha wakulima? Chama cha wakulima kikiwa serikalini trekta linatoka. Mtu simhitaji, ushahidi ni trekta.

mbongo_wa_wisla #30
Na Ursus yenyewe ilikuja kufilisika. Kiwanda cha tangu 1893, huku wazee wanakiongelea kama marehemu ndugu yao.

Mzee Kisiki #31
Nyie mnampamba sana, semeni na la gesi. Akiwa waziri wa uchumi ndo alisimamia mkataba na Warusi, alisaini na Sechin, naibu waziri mkuu wa Urusi, pale Warsaw Oktoba 2010. Rasimu ya kwanza ilitaka Poland ichukue gesi ya Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, mpaka 2037 na mambo ya bomba la Yamal, lile linalopitisha gesi hiyo Poland, mpaka 2045! Umoja wa Ulaya kule Brussels ndo wakaingilia, ikapunguzwa, gesi mpaka 2022 na usafirishaji mpaka 2019. Aprili 2022 Warusi wakafunga koki wenyewe. Hebu fikirieni ingekuwa imesainiwa ile ya 2037. Hiyo ndo hesabu ya injinia?

Nati Kumi na Tatu #32
Mzee Kisiki hapo unamhukumu 2010 kwa miwani ya 2022. Januari 2009 Urusi na Ukraine waligombana, dalali wao RosUkrEnergo aliyekuwa anawauzia Poland sehemu ya gesi akapotea sokoni, kuna pengo. Gati ya gesi ya Świnoujście haijajengwa, bomba la Norway halipo. Injinia anaangalia tanki lina kiasi gani na baridi inakuja lini. Unataka awaambie watu wajifunike blanketi mpaka 2022?

Mzee Kisiki #33
Kujaza tanki sawa. Miaka 27 sio kujaza tanki, ni ndoa.

Shangazi Rehema #34
Na ndoa yenyewe ya mahari kubwa maana nasikia bei nayo walilalamika 😂

Otieno wa Likoni #35
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mnajadili mtu, angalieni kiti. Chama kidogo kikikaa katikati kila mtu anakibembeleza. PSL wamekaa na wale wa kushoto 1993, wakakaa na waziri mkuu Tusk 2007, sasa hivi wako tena na Tusk na kiongozi wao Kosiniak-Kamysz ni waziri wa ulinzi, na huyo ni daktari, si injinia! Daktari amefika pale pale injinia alipofika. Basi uhandisi umeingiaje? Hapa Kenya tunavijua vyama vya kubembelezwa, tena vingine mwenye chama ni mtu mmoja na mkewe.

kidevu_cha_mzee #36
Otieno kamaliza uzi.

Nati Kumi na Tatu #37
Hajamaliza. Daktari amerithi nyumba, injinia ndo aliijenga. 1990 PSL ilitokana na ZSL, chama kilichokuwa kikibebwa na wakomunisti kama begi. Watu walikuwa wanakidharau. Pawlak kachukua 1991, kakisafisha sura, kakipeleka kwenye uwaziri mkuu.

mbongo_wa_wisla #38
Nati hapo nakubali nusu. ZSL waliwageuka wakomunisti wenyewe 1989, ndo Solidarity, lile vuguvugu la akina Wałęsa, wakapata waziri mkuu Mazowiecki, kwahiyo ule mchezo wa kuhama upande kwa wakati muafaka Pawlak kaukuta. Halafu wana historia ya zamani zaidi, Wincenty Witos, mkulima, waziri mkuu mara tatu miaka ya 1920. Kule kijijini picha ya Witos bado ipo ukutani.

Ila pia tusijifanye hatuoni mkate. Wakulima huku wana mfuko wao wa pensheni peke yao, KRUS, mchango ni mdogo sana kuliko anaolipa mtu wa mjini kama mimi. PSL ndo walinzi wa huo mfuko. Na ajira za mashirika ya serikali ya kilimo nazo, 2012 ilivuja kanda ya watu wakiongea mambo ya kupeana vyeo, waziri wa kilimo Sawicki wa PSL akajiuzulu. Miaka miwili mbele amerudi wizara ile ile. Baba mkwe hakushangaa, mimi ndo nilishangaa.

Dogo Spana #39
kwahiyo tuna: hesabu, nyota, kizingiti, faya, pensheni, vyeo, na Polonez. chagueni

Gereji ya Uswazi #40
Polonez.

Shangazi Rehema #41
Mbongo umegusa pensheni, na kuna kitu nakikumbuka, si ndo huyu Pawlak alisema hadharani yeye pensheni za serikali hazimuingii akilini sana, bora mtu aweke akiba na aishi vizuri na watoto wake? Naibu waziri mkuu anasema hivyo!

mbongo_wa_wisla #42
Ndo yeye. Ilikuwa kipindi Tusk anapandisha umri wa kustaafu mpaka 67, watu wamekasirika, halafu naibu wake anasema hivyo na uso mkavu, hacheki. Ndo alivyo, anaongea kama anasoma maelekezo ya jenereta. Wengine walimtukana, mama mkwe akasema angalau mmoja kasema kweli.

Mpima Ardhi Mstaafu #43
Mimi ningempigia kura kwa hiyo tu. Mnakijua kikokotoo nyie? Injinia mzima nimekaa na karatasi na kalamu najaribu kuielewa hela yangu mwenyewe.

Mzee Kisiki #44
@Mpima Ardhi usinikumbushe. Fungua uzi wake tuje tulie huko.

Dogo Spana #45
na hao watoto wa kuishi nao vizuri ndo sisi, hatuna hela 😂

Mtoto wa Tengeru #46
Nachepusha kidogo. Mkiongelea Wapoland mkumbuke walishaishi kwetu. Vita vya pili Stalin aliwapeleka Siberia, walipoachiwa wakapitia Iran mpaka huku, Tengeru peke yake walifika kama elfu tano kuanzia 1942, wengi akina mama na watoto. Walikuwa na shule, kanisa, mashamba. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa, ukipita Arusha tembelea. Bibi yangu alikuwa anawauzia maziwa.

mbongo_wa_wisla #47
Nimefika hapo na mke wangu. Majina kwenye yale makaburi mengine ni ya watoto wachanga kabisa.

Nati Kumi na Tatu #48
Asante Mtoto wa Tengeru, hilo sikuwahi kulisikia shuleni.
Ila sijajibiwa bado. Otieno anasema kiti, Bi Takwimu anasema kizingiti, mbongo anasema faya. Mbona watu wengine wamekalia kiti hicho hicho kwa kizingiti hicho hicho na hawakuwa mawaziri wakuu na miaka 32?

Bi Takwimu #49
Kwasababu wengine Wałęsa hakuwapigia simu usiku ule. Na huyo wako bado yupo, 2023 kachaguliwa tena, safari hii Seneti. Muandikie umuulize.

Otieno wa Likoni #50
Mwandikie kwa hesabu, atajibu.

Dogo Spana #51
@mbongo_wa_wisla samahani nje ya mada mkuu, hiyo shule ya Kipolandi ya Łódź kwa wageni bado inachukua watu? nina diploma ya makenika

mbongo_wa_wisla #52
Ipo dogo, njoo pm. Lete na koti.

Gereji ya Uswazi #53
Akifika aniulizie kabureta ya Polonez.